Bustani ya Chakula Kwenye Makao ya Watoto: Mwongozo Kamili, Kuanzia Jikoni Hadi Mavuno ya Kila Wiki

Makao mengi ya watoto yamewahi kuwa na bustani. Siku ya uzinduzi wageni walikuja na majembe mapya, eneo lote likalimwa, miche ikapandwa kwa mistari iliyonyooka na picha zikapigwa. Miezi miwili baadaye palikuwa na magugu tu, na lawama zote zikaangukia udongo.

Mara nyingi udongo hauna kosa. Bustani hizi hufa kwa sababu tatu: maji hayakupigiwa hesabu, mbegu zote zilipandwa siku moja, na hapakuwa na mtu mmoja wa kuulizwa. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kuyazuia hayo matatu. Usiziruke wala usizipange upya, hata kama mikono inawasha kushika jembe. Jembe linaingia hatua ya tano.

Hesabu zote hapa ni za makao yenye watoto 30. Mkiwa na 15, gawa kwa mbili. Mkiwa na 60, bado anzeni kama mna 30.

## Vifaa vya kuwa navyo kwanza

Hivi vinatosha matuta manne ya kuanzia, kila moja mita 1 kwa mita 5:

- majembe mawili, koleo moja na reki moja
- keni mbili za kumwagilia zenye matundu madogo
- madumu matano ya lita 20, au pipa la lita 200 lenye mfuniko unaofungika
- kamba ndefu na vigingi 16 vya kuwekea pembe za matuta
- ndoo 20 za lita 10 za samadi iliyooza kabisa, au mboji
- nyasi kavu zisizo na mbegu, kwa ajili ya matandazo
- uzio wa kuzuia kuku na mbuzi, hata wa miti na matete
- mbegu za mboga za majani zinazokomaa haraka, kama mchicha, kwenye pakiti yenye tarehe ambayo haijapita
- mizani ya jikoni, daftari na kalamu
- viatu vya kufunika vidole kwa kila atakayeingia bustanini

Dawa za kuua wadudu na pampu ya kupulizia hazimo kwa makusudi. Akija mtu kuwazawadia, mshukuruni na mwombeni abadilishe apate madumu.

## Hatua ya 1: Kaa na mpishi

Bustani ya makao inalima kwa ajili ya sufuria, na mwenye sufuria ni mpishi. Muulize ananunua mboga gani, anazipika mara ngapi kwa wiki, anachambua peke yake au anasaidiwa, na ni mboga gani inayorudi kwenye sahani bila kuguswa. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Hakuna faida kulima tuta zima la kitu ambacho watoto watakisukuma pembeni.

Kisha pigeni hesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mboga na matunda, kwa pamoja, visipungue gramu 250 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Bustani ndogo haitafikisha kiasi hicho peke yake, na msimwahidi mtu kwamba itafikisha. Chukueni lengo dogo linalopimika: gramu 80 za majani mabichi kwa mtoto kwa mlo mmoja. Watoto 30 ni kilo 2.4.

Tuta la mita 5 za mraba likitunzwa vizuri, kadiria kilo 1 ya mchicha kwa kila mita ya mraba kwa mvuno. Hiyo ni kilo 5, yaani milo miwili ya makao yote. Nimekadiria chini kwa makusudi. Mkizidisha, mpishi atafurahi. Mkipungukiwa kila wiki, ataacha kuitegemea bustani na atarudi sokoni, na bustani itaanza kufa siku hiyohiyo.

Hatua hii imekamilika mkiwa na karatasi moja yenye aina za mboga zisizozidi tano, zilizochaguliwa na mpishi mwenyewe.

## Hatua ya 2: Jaribu maji kabla ya kugusa udongo

Wakati wa kiangazi, mboga za majani zinahitaji takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta manne ni mita 20 za mraba. Hizo ni lita 100, yaani madumu matano, kila siku, Jumapili ikiwemo, siku za mitihani zikiwemo, na siku ambayo mlezi mmoja yuko hospitali na mtoto ikiwemo pia.

Sasa fanyeni jaribio. Kwa siku saba mfululizo, yule atakayemwagilia abebe madumu matano hadi pale mnapotaka kuweka bustani na ayamwage kwenye miti iliyopo. Bado hakuna tuta wala mbegu. Andikeni kila siku kama maji yamefika na yalichukua muda gani.

Watu huona jaribio hili ni la kuchekesha mpaka siku ya nne, siku ambayo ama bomba halitoi, ama mbebaji ametumwa kwingine, ama maji yaliyopo yanatosha kufulia tu. Ni afadhali kuyajua hayo sasa kuliko kuyajua miche ikiwa na majani matatu. Madumu yakifika siku zote saba, endeleeni. Yakifika siku tano, limeni matuta mawili. Yakifika siku tatu, tatizo lenu ni tangi, na fedha zote za mfadhili ziende huko kwanza.

Kuhusu maji ya mvua, kumbuka kipimo kimoja: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linashusha lita 1,000. Toa kama sehemu ya tano inayopotea kwenye mabati na mifereji, na unabaki na lita 800, sawa na siku nane za kumwagilia.

Tahadhari. Pipa au tangi lisilofunikwa ni hatari mara mbili: mbu huzaliana humo, na mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi. Mfuniko ufungwe, usiwe wa kuegeshwa tu. Maji yaliyooshea vyombo au nguo yasimwagwe kwenye mboga za majani. Yapelekwe kwenye mashina ya miti ya matunda.

## Hatua ya 3: Chagua mwenye bustani, kisha panga nafasi ya watoto

"Sote tutashirikiana" maana yake hakuna atakayemwagilia Jumamosi. Chagueni mtu mzima mmoja, mfanyakazi wa makao, na kazi ya bustani iandikwe kwenye ratiba yake ya kazi: dakika 45 asubuhi na dakika 30 jioni. Kama saa hizo hazipo kwenye ratiba yake, ondoeni kazi nyingine. Msimwongezee bure juu ya zote alizonazo. Awe na msaidizi mmoja anayejua kila kitu anachokijua yeye, kwa sababu ya likizo na magonjwa.

Watoto je? Hapa ndipo nia njema hupotoka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 32, unamlinda mtoto dhidi ya kunyonywa kiuchumi na dhidi ya kazi yenye hatari au inayoingilia elimu yake. Bustani inaweza kuwa mahali pazuri pa mtoto kujifunza, na inaweza pia kuwa shamba linaloendeshwa kwa mikono ya watoto wasio na mzazi wa kuwasemea. Kinachotofautisha ni kanuni mnazoandika sasa. Mimi ningeanza na hizi:

Bustani kamwe isiwe adhabu. Mtoto aliyepelekwa kupalilia kwa sababu alichelewa kurudi atachukia jembe, na hiyo mboga pia.

Mtoto anaweza kukataa, na kukataa kwake kusiathiri sahani yake. Chakula cha bustani ni cha wote, waliofanya kazi na wasiofanya.

Watoto wasibebe madumu ya lita 20. Keni iliyojazwa nusu inamtosha mtoto wa miaka 9. Wadogo zaidi wapande mbegu, wavune, wahesabu, watafute wadudu. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, tena baada ya masomo, si kabla ya jua kutoka.

Majembe na mapanga yakae stoo yenye kufuli. Samadi ibebwe na watu wazima. Chanjo ya pepopunda ihakikiwe kwa kila mtoto atakayeshika udongo, na kila kidonda kifunikwe kabla ya kuingia.

Wanaojitolea kutoka nje wasibaki peke yao na mtoto, na wasipige picha za sura za watoto kwa ajili ya kurasa zao. Mkuu wa makao aliseme hili mapema, tena mbele ya wote, ili baadaye asionekane anamkataza mtu mmoja.

Mmefaulu hatua hii ikiwa ukimsimamisha mtoto yeyote na kumuuliza "nani mwenye bustani?", anataja jina moja bila kufikiri.

## Hatua ya 4: Chagua mahali

Tafuteni sehemu yenye jua la saa 6 au zaidi kwa siku, karibu na maji na karibu na jikoni. Ukaribu na jikoni una maana kuliko watu wanavyodhani. Mpishi anayeiona bustani kupitia dirishani atachuma; anayelazimika kuzunguka nyuma ya mabweni atasahau.

Kaeni mbali na choo cha shimo na karo la maji machafu, hasa upande wa mteremko ambako maji yake huelekea. Kaeni mbali na barabara yenye magari mengi, kuta za zamani zinazobanduka rangi, mahali palipochomewa taka, na palipowahi kuwa gereji. Sehemu hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi (lead) ndani ya udongo. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na watoto wadogo hupeleka vidole mdomoni. Waulizeni wazee wa jirani palikuwa na nini kabla. Mkibaki na shaka, limeni kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka sehemu safi.

Kisha pimeni kama maji yanapenya. Chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yaishe, mjaze tena. Kesho yake mkikuta maji bado yamesimama, inueni matuta zaidi au tafuteni sehemu nyingine.

## Hatua ya 5: Tengeneza matuta manne, si zaidi

Sasa shikeni jembe. Pigeni vigingi, fungeni kamba, pimeni mita 1 kwa mita 5. Upana wa mita 1 si wa bahati mbaya: mtoto akichutama upande mmoja anafika katikati bila kukanyaga tuta. Njia kati ya tuta na tuta iwe sentimita 50. Kwenye mteremko, matuta yalale kukingama mteremko ili mvua isiuondoe udongo.

Limeni kina cha sentimita 30, ondoeni mizizi ya magugu, pandisheni udongo wa njia juu ya tuta hadi liinuke sentimita 15 au 20. Tandazeni ndoo moja ya lita 10 ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, changanyeni na udongo wa juu, sawazisheni kwa reki. Kuanzia hapo tuta halikanyagwi tena na mtu yeyote, wala mgeni rasmi.

Tahadhari ya samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya kuhara pamoja na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai zinazofuatwa Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha wenu utavunwa ndani ya wiki nne, kwa hiyo samadi mbichi haina nafasi hapa. Samadi iliyooza haina harufu kali, haina joto ukiishika, na huwezi kutambua tena nyasi alizokula mnyama. Kinyesi cha binadamu, mbwa au paka kisitumike kabisa.

### Anzisha mboji siku hiyohiyo

Msitegemee kupewa samadi daima. Pembeni mwa bustani pangeni lundo la mita 1 kila upande. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Wekeni tabaka nene la vitu vikavu, yaani majani makavu, mabua na maranda, kisha jembamba la vitu vibichi: maganda ya jikoni, magugu yasiyo na mbegu, samadi. Kwa ujazo, vikavu viwe kama mara tatu ya vibichi. Nyama, mafuta ya kupikia na nepi visiingie.

Unyevu unapimwa kwa mkono. Chukua konzi moja, kamua kwa nguvu: tone moja au mawili yakitoka, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Isipotoka kitu, nyunyiza maji. Chomeka fimbo katikati ya lundo, iache humo, uichomoe baada ya siku tano. Ikitoka na joto la kukufanya uiachie, lundo linafanya kazi. Joto likifika nyuzi 55 za selsiasi na kukaa kwa siku kadhaa, linaua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi, lakini ni kwa sehemu ya ndani tu. Ndiyo maana lundo hupinduliwa, ili vya nje viingie ndani. Baada ya miezi miwili hadi minne mtapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo baada ya mvua.

## Hatua ya 6: Panda tuta moja kwa wiki

Huu ndio moyo wa mwongozo wote, na ndiyo hatua inayovunjwa zaidi.

Tuta la kwanza lipandwe wiki ya kwanza, la pili wiki ya pili, la tatu wiki ya tatu, la nne wiki ya nne. Mwanzoni mwa wiki ya tano, tuta la kwanza liko tayari. Livunwe, liongezewe ndoo mbili za mboji au samadi iliyooza, lipandwe tena wiki hiyohiyo. Wiki inayofuata ni zamu ya tuta la pili. Kuanzia hapo mna kilo 5 kila wiki, bila kukatika, kwa matuta manne tu.

Linganisha na kupanda yote siku moja. Wiki ya tano mnapata kilo 20, mboga ya milo minane. Mchicha haukungojei: ukikawia unakuwa mgumu na kutoa maua. Mnakula mfululizo hadi watoto wanachoka, nusu inaharibika, kisha hakuna kitu kwa mwezi mzima. Mpishi amesharudi sokoni, mwenye bustani amevunjika moyo, na matuta yote manne yako tupu kwa wakati mmoja. Ndivyo zinavyokufa.

Shida ni kwamba mnapopanda kwa zamu, wiki ya kwanza kuna matuta matatu matupu na wageni wanauliza kwa nini. Yafunikeni kwa nyasi kavu na muwaonyeshe ratiba.

Namna ya kupanda mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno. Kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta zima. Changanya na vikombe viwili vya mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu. Chora mifereji ya kina kisichozidi sentimita 1, umbali wa sentimita 20 kati ya mfereji na mfereji, nyunyiza, funika kwa udongo mwepesi, tandaza nyasi chache juu na mwagilia taratibu. Ukizifukia ndani zaidi hazitaota, na utailaumu mbegu.

Miche ikianza kuchomoza, kwa kawaida kati ya siku ya nne na ya saba, ondoa nyasi zilizo juu yake jioni, si saa sita mchana. Ikifikia kimo cha kidole, ipunguze ibaki umbali wa sentimita 5 hadi 10. Kazi hii watoto wanaipenda, na miche inayong'olewa inapikwa.

Mboga nyingine zinaingia lini? Baada ya mizunguko miwili au mitatu ya mchicha, tuta lipewe kunde au maharage. Mizizi ya jamii ya mikunde hushirikiana na bakteria wanaoingiza naitrojeni kwenye udongo, na kubadilisha zao hukatisha mzunguko wa magonjwa. Kunde mnakula majani kwanza, punje baadaye. Maharage mekundu yana sumu ya asili yakiwa mabichi. Yalowekwe angalau saa 5, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 30; moto wa chini pekee hauondoi sumu hiyo.

Sukuma wiki huanzia kitaluni, huhamishwa ikiwa na wiki nne au tano, na huchumwa majani ya chini kwa miezi mingi. Kitaluni, adui ni kinyausi: miche inaoza shingoni na kulala chini. Husababishwa na kuvu wanaostawi miche ikibanana na maji yakizidi, kwa hiyo panda kwa nafasi na mwagilia asubuhi.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa pandeni pembezoni mwa eneo, kwa vipande vya marando vya sentimita 30. Vinakomaa kwa miezi mitatu hadi mitano, vina kiasi kikubwa cha kitangulizi cha vitamini A, yaani kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini hiyo, na majani yake pia ni mboga.

Najua kila mtu anataka nyanya. Ziacheni kwa mwaka wa kwanza. Zinapata magonjwa upesi, zinadai fito na kamba, na ndizo zinazowavuta watu kwenye dawa za kupulizia.

## Hatua ya 7: Tunza kidogo, kila siku

Mwagilieni asubuhi, maji yaelekee kwenye udongo badala ya majani. Kabla ya kumwagilia chomekeni kidole: kama sentimita 3 chini bado kuna unyevu, leo acheni. Kati ya mistari wekeni matandazo ya unene wa sentimita 5. Yanahifadhi maji, yanazuia magugu, na mvua kubwa hairushi udongo juu ya majani yatakayoliwa.

Kila siku mtu azunguke bila jembe, ageuze majani na aangalie upande wa chini. Vidukari hukaa huko, vimejikusanya kama vumbi la kijani au jeusi linalotembea. Vikiwa vichache, viponde kwa vidole. Vikizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kawaida na lita 1 ya maji, jaribu kwenye majani machache, na kesho yake usipoona kuungua, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani. Suuza vizuri kabla ya kupika.

Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi kana kwamba kwa mkasi, ni sota. Fukua udongo kuuzunguka kwa kina cha vidole viwili. Utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Watoto wakubwa hushindana kuwatafuta.

Tahadhari ambayo haina mjadala. Dawa za kuua wadudu zisiingie kwenye eneo wanakoishi watoto. Ukikuta za zamani stoo, waulize maofisa wa kilimo namna ya kuziondoa. Kamwe zisihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto akiona chupa ya soda hunywa.

## Hatua ya 8: Vuna, pima, pika vizuri

Vunieni asubuhi kabla ya jua kali na muweke kivulini. Mnaweza kung'oa, au kukata shina sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi ili lichipue tena, mradi lile tuta jipya la zamu lisicheleweshwe.

Pimeni kabla ya kuchambua. Andikeni tarehe, namba ya tuta na kilo. Kilo zikishuka chini ya 4 mara mbili mfululizo, daftari litakuonyesha pa kutazama: ni tuta moja tu, basi ni udongo au kivuli, ni yote, basi ni maji.

Jikoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka, kisha kateni, si kinyume chake, maana vitamini nyingine huyeyuka na kuondoka na maji. Pikeni kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa. Mafuta kidogo yanasaidia mwili kutumia vitamini A ya mboga. Limau lililokamuliwa juu, au tunda lenye vitamini C kwenye mlo huohuo, linasaidia kufyonza madini ya chuma ya majani. Chai ya rangi pamoja na mlo hufanya kinyume, inyweni baadaye.

Mtoto akikataa mboga msimlazimishe. Mwekeeni kijiko kimoja kila mara, bila maneno. Wengi hukubali ladha baada ya kuionja mara nyingi, hasa kama walishika keni wao wenyewe.

## Hatua ya 9: Panua pale daftari linaporuhusu

Mkivuna kila wiki kwa wiki 8 mfululizo bila kuruka hata moja, ongezeni matuta manne. Jumla ni manane, kilo 10 kwa wiki, milo minne. Maji yatapanda hadi lita 200 kwa siku, madumu kumi, kwa hiyo rudieni kwanza jaribio la siku saba. Mkiruka wiki, msipanue. Mkiruka tatu, punguzeni hadi matuta mawili, na hapo hakuna aibu: matuta mawili yanayoliwa yanashinda ekari inayopigwa picha.

Wakati huu pia pandeni mipapai miwili mitatu pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Mingi huanza kutoa matunda ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo.

Kuhusu fedha, mhasibu aangalie matumizi ya mboga sokoni kabla na baada ya bustani. Sehemu ya kilichookolewa itengwe kwa mbegu na vifaa, na iandikwe kwenye bajeti ya makao kama mstari unaojitegemea. Mfadhili anayetaka kusaidia aombwe tangi, mifereji ya paa au mshahara wa mwenye bustani kwa mwaka mmoja. Miche aiache.

Mbegu nyingine mnaweza kujizalishia. Acheni mimea kumi ya mchicha iliyo bora, isivunwe, ikomae hadi masuke yakauke. Yapukuteni juu ya kitambaa, pepeteni, anikeni kivulini siku chache, kisha muweke kwenye chupa kavu ya kioo yenye jina na tarehe. Mbegu za chotara hazifai kwa hili, kwa kuwa kizazi cha pili hakifanani na mzazi. Angalieni pakiti: ikiwa na herufi F1, hizo mtazinunua upya kila msimu.